Betri ya msikiti: kalamu kwanza, dukani baadaye

Usiku wa kumi na moja wa Ramadhani iliyopita, imamu akiwa katika rakaa ya sita ya tarawehe, taa zilififia, spika ikakoroma, kisha giza. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, na betri tuliyoinunua Masasi miezi minne kabla, kwa sadaka za msimu wa korosho, haikumaliza hata saa moja. Swala iliendelea, lakini sisi wa kamati tulitoka tumeinamisha vichwa. Sadaka ni amana, nasi tulikuwa tumetazama bei tu.

Tulinunua betri ya gari. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe upya gari likitembea. Bamba zake za risasi ni nyembamba, na ukiimaliza kila usiku hufa mapema. Betri ya sola ina bamba nene zinazovumilia kutumika polepole kwa saa nyingi. Hata hiyo, ikiwa ni ya risasi, yafaa isishuke chini ya nusu.

Safari hii tuliketi na kalamu. Taa 6 za wati 10, kwa saa 5 za Magharibi, Isha na Alfajiri: wati-saa 300. Amplifaya ya wati 80, saa 2 za adhana na darsa: 160. Jumla 460, na pamoja na kinachopotea katika inveta, 550 hivi. Gawanya kwa volti 12, wapata Ah 46. Kwa kuwa hutumika nusu tu, Ah 100 yatosha usiku mmoja. Lakini huku Newala kuna siku ukungu hulificha jua. Kwa hiyo tulichukua mbili za Ah 100, za aina na umri mmoja, zikaunganishwa sambamba ili volti zibaki 12. Mzee mmoja aliuliza kwa nini tusiunganishe mpya moja na ile ya zamani. Mbovu ingeivuta mpya chini.

Betri ya maji ni nafuu, ila huongezwa maji maalumu ya betri, na penye dhiki ya maji kama hapa mtu hushawishika kutia ya kisima, ambayo chumvi zake huiharibu. Tena hutoa gesi iwezayo kulipuka, hivyo isifungiwe stoo. Tulichagua ya jeli. Ya lithiamu huruhusu kutumia asilimia 80 na hudumu zaidi, lakini mfuko wetu haukuifikia.

Kwa wanaonunulia nyumba zao: someni lebo. Ah 100 iliyopimwa kwa saa 100 ni ndogo kuliko Ah 100 iliyopimwa kwa saa 20. Kisha inyanyueni. Ya jeli ya Ah 100 hukaribia kilo 30. Iliyo nyepesi mno, iacheni hapo hapo.

Risiti na hesabu hii tumezibandika ukutani, upande wa wanaume na wa wanawake. Betri ya gari ingali chini ya ngazi za mnara.