Sumu ya Shambani na Uzazi wa Nyumbani

Nyumba ikikosa mtoto, mara nyingi mama ndiye alaumiwaye. Jamaa hunong'ona, na mume hushauriwa kuoa mwingine. Sikilizeni basi habari hii, ili tusihukumu upesi.

Mwaka 1977, katika mji wa Lathrop, California, nchi ya Marekani, wanaume wa kiwanda cha dawa za kuulia wadudu walikuwa wakizungumza wao kwa wao, wakatambua ya kuwa wengi wao hawapati watoto. Wakapimwa, ikaonekana ya kuwa mbegu zao za uzazi zimepungua sana, na wengine hawana kabisa. Sababu yake ilikuwa dawa waliyoitengeneza, jina lake DBCP, ya kuua minyoo midogo ilayo mizizi ya mimea. Kasoro haikuwa kwa wake zao. Tena tangu mwaka 1961 wataalamu walikwisha kuandika kwamba dawa hiyo huharibu korodani za panya. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ilikataza karibu matumizi yake yote. Lakini huko Costa Rica maelfu ya watu wa mashamba ya ndizi walikuwa wamekwisha kudhurika. Wengine walipona walipoiacha. Wengine hawakupona kamwe.

Si kila dawa hudhuru namna hiyo. Lakini sumu huingia kwa ngozi, kwa pumzi na kwa kinywa, na mtoto huipata upesi kuliko sisi: mwili wake ni mdogo, ubongo wake ungali unakua, naye hutambaa chini na kutia vidole kinywani.

Kwa hiyo, baba akitoka kupiga dawa, asimpakate mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo. Na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asipige dawa wala asiichanganye. Dawa ifungiwe mbali na chakula, wala isitiwe katika chupa ya soda. Chombo chake kikiisha, kisitekewe maji wala kuwekewa mafuta, hata kikioshwa mara kumi.

Na mtoto akikawia kupatikana, mume na mke waende hospitali pamoja, na mume amweleze mganga kazi aifanyayo. Ninyi waalimu, wasomeeni habari hii wasiojua kusoma, maana wao ndio washikao bomba la dawa kila siku.