Tangi kuukuu linalovuja: Kukaza nati si dawa

KUKAZA nati pekee hakutoshi kuzuia tangi kuukuu la maji lisivuje, na mara nyingine huongeza hasara. Jambo hilo linawahusu wenye nyumba katika maeneo kama Bangwe, Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambako tangi la plastiki huwa akiba ya familia nzima maji ya bomba yanapokatika.

Uvujaji huanzia mahali bomba linapopenya ukuta wa tangi. Kinachozuia maji hapo si nati, bali washa ya mpira iliyobanwa ukutani. Baada ya miaka kadhaa ya jua, mpira hukakamaa na kupasuka. Nati ikikazwa kupita kiasi, ukuta wenyewe huweza kupata ufa.

Kupaka gundi kwa nje nako hakudumu, kwa kuwa maji huisukuma kutoka ndani na kuibandua. Njia sahihi ni kuhamishia maji kwenye ndoo, kufungua nati, kusafisha tundu na kuweka washa mpya upande wa ndani, ambako uzito wa maji huikandamiza ukutani.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, hivyo utando mweupe ukionekana kuzunguka tundu usuguliwe kwa siki, la sivyo washa haitakaa sawasawa.

Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 yakihesabiwa kuwa mililita moja, zaidi ya lita 1,500 hupotea kwa mwaka, yaani tangi zima la kawaida la nyumbani.