Kufaulu kwa modeli si kufaulu kwa kila kigezo

Mtafiti anapotumia vigezo kadhaa kueleza jambo moja, swali la kwanza ni iwapo vigezo hivyo, kwa ujumla wao, vinaeleza chochote, au matokeo yametokea kwa bahati tu.

Jibu hutolewa na kipimo cha F, kilichopewa herufi hiyo na Mmarekani George Snedecor mwaka 1934 kwa heshima ya Mwingereza Ronald Fisher. Kipimo hicho hulinganisha tofauti zinazoelezwa na modeli na zile zinazobaki bila maelezo, kwa kuzingatia idadi ya vigezo na wingi wa takwimu.

Mfano maarufu ni wa James Longley, aliyechapisha mwaka 1967 takwimu za ajira nchini Marekani za kuanzia 1947 hadi 1962, zenye vigezo sita. F ilifikia 330, ilhali kiwango cha kuvuka, kwa uwezekano wa kukosea wa asilimia 5, ni 3.37 tu.

Hata hivyo, ushindi huo humaanisha kwamba angalau kigezo kimoja kina mchango, si vyote. Vilipopimwa kimoja kimoja ndani ya modeli hiyo, pato la taifa, bei na idadi ya watu havikufikia kiwango. Sababu ni kwamba vilipanda pamoja, mchango wa kila kimoja usiweze kutenganishwa.

Kwa hiyo, anayepanga sera kwa kutegemea kigezo kimoja hana budi kukipima chenyewe, hata kama modeli nzima imefaulu.