Chembe za damu na malaria: Kinga ya kurithi isikudanganye

Watoto wawili wa nyumba moja wanaumwa na mbu walewale. Mmoja anapata homa, anapewa dawa mseto na baada ya siku chache yuko nje anacheza. Mwenzake anaishiwa damu, anapata degedege na kulazwa. Mzazi, huenda umeshuhudia hali hii ukajiuliza sababu ni nini.

Sababu ni nyingi, zikiwamo umri, lishe na kuchelewa kufika kituo cha afya. Lakini ipo nyingine ambayo mtoto huzaliwa nayo, nayo imo ndani ya chembe nyekundu za damu.

Kimelea cha malaria huingia kwenye chembe nyekundu, hula hemoglobini iliyomo, huzaliana, kisha huipasua chembe na kuvamia nyingine. Kwa hiyo chembe ikiwa na tofauti fulani ya kurithi, kimelea kinaweza kukosa makazi mazuri.

Mfano unaojulikana zaidi ni selimundu. Kila mtu hurithi kinasaba kimoja cha hemoglobini kwa baba na kimoja kwa mama. Aliyerithi cha selimundu kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji, yaani AS. Aliyekirithi kwa wazazi wote wawili, SS, ndiye mgonjwa.

Mwaka 1949, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alibaini kwamba wabebaji walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kuwa hali hiyo huwakinga na malaria. Tafiti zilizofanyika baadaye Kilifi zilionyesha kuwa mtoto mbebaji ana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Selimundu haiko peke yake. Wenye kundi la damu O hupata malaria kali kwa nadra kuliko wa makundi mengine, kwa kuwa chembe zao zilizoambukizwa hazigandamani kwa urahisi na kuziba mishipa midogo. Mwaka 2020, watafiti wa Kilifi walieleza pia aina adimu ya damu iitwayo Dantu, ambayo ngozi ya chembe zake imekaza kiasi kwamba kimelea hupata shida kupenya.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwanza, kinga hiyo si kamili. Mbebaji na mwenye kundi O huambukizwa na huugua, hivyo chandarua chenye dawa kinawahusu kama wengine.

Pili, na hili ni zito zaidi, mtoto mwenye selimundu yenyewe hana bahati ya mbebaji. Usiseme, "Huyu ana selimundu, malaria haimpati." Tayari ana upungufu wa damu, kwa sababu chembe zake huvunjika mapema. Malaria ikivunja na zile chache zilizobaki, anaweza kufariki dunia ndani ya muda mfupi. Homa kwa mtoto huyu ni dharura. Usisubiri kuche, usianze na panadol ukimwangalia. Mpeleke hospitali, mweleze mhudumu hali yake, apimwe malaria na maambukizi mengine. Muulize pia daktari kuhusu dawa za kumkinga na malaria.

Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi wao wana wazazi wanaoonekana wazima kabisa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuwa na ugonjwa, asilimia 50 kuwa mbebaji na asilimia 25 kutorithi kabisa. Kuzaa mmoja mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa salama.

Kama unajiandaa kuoa au kuolewa, au katika ukoo wenu kuna mtoto aliyekuwa akiishiwa damu na kuumwa viungo mara kwa mara, nenda na mwenzako mkapime hemoglobini. Ni kipimo cha damu kidogo tu. Majibu hayo hayavunji uchumba. Yanawapa nafasi ya kujiandaa kabla homa ya kwanza haijabisha hodi.