Homa imeshuka, vimelea bado: hesabu ya logi ndani ya dozi ya malaria

Mgonjwa wa malaria anayemeza dawa mseto ya ALu mara nyingi hupata nafuu siku ya pili, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki huwekwa akiba kwa homa ijayo, au hupewa mtoto mwingine. Dozi kamili humezwa mara sita kwa siku tatu, na wengi huziona zile za mwisho kuwa za kutimiza masharti tu. Kwa hesabu ya kutoa na kujumlisha, wana sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa vimelea karibu vyote hufa mwanzoni. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo siyo inayohusika hapa. Dawa haipunguzi vimelea kwa kutoa, inavipunguza kwa kugawanya, na chombo cha kufuatilia kitu kinachogawanywa ni logi, ile ile iliyowatoa jasho wanafunzi wa sekondari.

Logi ya kizio cha 10 inaeleza kumi imezidishwa yenyewe kwa yenyewe mara ngapi kuipata namba fulani. Logi ya 100 ni 2, ya milioni ni 6, ya 1 ni 0. Kanuni zake zinatoka humo humo: kuzidisha namba ni kujumlisha logi, kugawanya ni kutoa, na kuipa namba kipeo ni kuizidisha logi yake kwa kipeo hicho. John Napier wa Uskoti alichapisha majedwali yake mwaka 1614 ili kuwapunguzia watu mzigo wa kuzidisha namba ndefu.

Sasa tuingie kwenye damu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea trilioni moja, yaani logi 12. Dawa za jamii ya artemisinin, kama ile iliyomo katika ALu, zikifanya kazi vizuri hupunguza vimelea vya Plasmodium falciparum mara elfu kumi hivi katika kila mzunguko wa saa 48, ambako ni kutoa 4. Baada ya mzunguko wa kwanza, 12 imekuwa 8. Asilimia 99.99 ya vimelea vimekufa, homa imetulia, mgonjwa ameinuka kitandani. Lakini logi 8 ni vimelea milioni mia moja. Damu ya mtu mzima ni kama lita tano, au mikrolita milioni tano, kwa hiyo kila mikrolita ina vimelea ishirini tu, kiasi ambacho mpimaji mwenye hadubini anaweza kukipita bila kukiona. Siku tatu za dawa hugusa mizunguko miwili, na logi hushuka hadi 4. Vimelea hivyo elfu kumi vilivyobaki ni kazi ya lumefantrine, dawa ya pili iliyomo katika kidonge hicho hicho.

Hapa ndipo namba e inapoingia. Mwili huondoa dawa kwa kasi inayolingana na kiasi kilichopo: ikiwa nyingi hutoka haraka, ikipungua hutoka taratibu, wakati wote bila kituo. Jacob Bernoulli aliikuta namba e mwaka 1683 alipochunguza riba. Shilingi 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka huwa 2. Riba ikiongezwa kila mwezi huwa 2.61, kila siku, 2.71, na hata mwaka ukikatwa vipande visivyohesabika, haivuki 2.71828 na ushei. Kwa dawa kipeo cha e huwa hasi. Logi ya 2 kwa kizio e ni 0.693, hivyo dawa inayopungua nusu kila siku nne hupungua kwa kiwango cha 0.173 kwa siku. Aliyemeza nusu ya dozi, kwa hesabu hiyo, hufikia kiwango kisichoua vimelea siku nne mapema kuliko aliyemaliza.

Kuna watakaosema wapo walioacha katikati na wakapona. Ni kweli. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi ana kinga inayomalizia kazi. Mtoto mdogo hana. Tena usugu wa kiasi dhidi ya artemisinin umeshathibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania. Tuseme dawa inatoa 2 badala ya 4 kwa kila mzunguko: 12 inaishia 8, si 4. Mabaki hayakuongezeka mara mbili, yameongezeka mara elfu kumi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kitu kinachogawanywa hakifiki sifuri, basi mtu anaponaje? Anapona kwa sababu hakuna nusu ya kimelea. Logi ikifika 0, wastani ni kimelea kimoja kwa mgonjwa, na uwezekano wa kutokuwa nacho kabisa ni e kwa kipeo cha hasi 1, karibu asilimia 37. Ikishuka hadi hasi 1, wastani ni 0.1 na uwezekano huo hupanda hadi asilimia 90. Ikifika hasi 2, asilimia 99. Dawa inayofanya kazi mwishoni haiui hata kimelea kimoja kwa wastani, na bado ndiyo inayowatoa wagonjwa kwenye asilimia 37 na kuwafikisha 99.