Kufufua baiskeli kuukuu ya mashindano kwa mafundi wa Kwala

Baiskeli ya mashindano ya miaka ya 1960 au 1970 ni nyepesi: mabomba membamba, rimu nyembamba, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Mafundi wa Kwala na Mlandizi, wilayani Kibaha, wamezoea kazi nyingine. Katika ukanda huu wa msitu wa Ruvu Kusini, unaoenea Kibaha na Kisarawe, baiskeli ni chombo cha mzigo. Phoenix ya China imebeba magunia ya mkaa hadi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Ujuzi uliotokana na kazi hiyo ni hazina kwa anayefufua baiskeli ya mbio, isipokuwa kwenye fremu.

Fremu huchunguzwa kwanza, kwani ikiharibika hakuna kinachobaki cha kufufua. Fremu nyingi bora za Uingereza zilitengenezwa kwa mabomba ya Reynolds 531, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935. Ukuta wa bomba hilo ni mnene kwenye ncha, na katikati hupungua hadi karibu nusu milimita. Fundi wa baiskeli za mkaa huongeza nondo na kuchomelea kwa umeme ili fremu ihimili gunia. Hapa asithubutu: moto wa umeme hutoboa ukuta huo, na chuma cha pembeni hudhoofika. Ufa ukionekana, aitwe fundi wa gesi anayeunga kwa shaba ya njano, kama viungo vingi vya fremu hizo vilivyoungwa tangu kiwandani.

Kwenye gololi, fundi wa mtaani hahitaji kufundishwa. Hapu hufunguliwa, huoshwa kwa mafuta ya taa, hupakwa grisi mpya. Gololi za hapu ya nyuma kwa kawaida ni za robo inchi, kama za Phoenix, na hubadilishwa zote pamoja. Mpya zikichanganywa na zilizolika, uzito wote huangukia mpya. Tahadhari iko kwenye kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali: katika fremu za Uingereza hufunguka kwa kuzungushwa kisaa, lakini katika za Italia na Ufaransa ni kinyume chake.

Tairi ndizo zinazosumbua zaidi. Namba ya inchi hudanganya. Kipimo cha kuaminika ni kipenyo cha pale tairi inapokalia rimu, kinachoandikwa ubavuni kwa milimita. Tairi ya 28 ya Phoenix ni 635. Baiskeli nyingi za mbio za Uingereza za wakati huo, zinazoitwa za inchi 27, ni 630, na za 700C ni 622. Tairi ya 635 huingia kwa ulaini kwenye rimu ya 630, kisha huchomoka ikijazwa upepo, pengine mwendo ukiwa mkali. Ya 622 ndiyo rahisi kuipata, kwa sababu baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya huitumia.

Friwili ya kawaida ya dukani hufunga kwenye hapu nyingi za zamani za Uingereza na Japani. Kwenye hapu ya Kifaransa hulegea na kukata nyuzi. Cheni ya Phoenix ni pana: inafaa kwa gia moja, lakini kwenye gia tano hugusa meno ya jirani, hivyo hutafutwa nyembamba. Kwa barabara za vumbi hupakwa mafuta mepesi na kufutwa kwa kitambaa, kwani mafuta mazito hushika mchanga unaosaga meno.