Mashine ya CD4 Inapoharibika Mara kwa Mara

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ni pana. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ni mwendo wa kilomita zipatazo 80. Kwa mtu anayeishi na VVU katika vijiji vya eneo kama hilo, kwenda kupima kinga ni kugharimia nauli na kupoteza siku nzima ya kazi ya shamba. Akifika na kuambiwa kuwa mashine ni mbovu, hasara yake si nauli peke yake. Makala haya yanaeleza sababu za kuharibika kwa mashine hizo, na namna ya kuendeleza huduma zinapokuwa hazifanyi kazi.

Jinsi mashine inavyohesabu

Seli za CD4 ni aina ya chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, nazo ndizo VVU huzishambulia. Maabara huchanganya damu na kingamwili zilizotiwa rangi ing'aayo, ambazo hujishikiza kwenye seli hizo. Mchanganyiko hupitishwa katika njia nyembamba mno, hata seli zikapita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Rangi hung'aa, vihisi huupokea mng'ao, na kompyuta huhesabu.

Kwa nini huharibika

Njia hiyo nyembamba ndiyo udhaifu wa kwanza. Maji ya chumvi yanayobeba seli yakikaukia ndani huacha fuwele. Damu iliyoganda na vumbi huiziba, na mapovu ya hewa huvuruga mtiririko. Udhaifu wa pili ni umeme: unapokatika na kurudi kwa nguvu kubwa, huweza kuunguza sehemu za ndani. Wa tatu ni joto, kwani leza na vihisi huhitaji chumba chenye hali tulivu. Mwisho ni umbali wa fundi na vipuri. Kifaa kisicho na mkataba wa matengenezo huweza kusimama kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kichujio kimoja tu.

Hata hivyo, mashine iliyozimika angalau hujulikana. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayoendelea kutoa majibu ilhali njia imeziba nusu au leza imepotoka. Mgonjwa mwenye seli 150 akisomewa 300, hurudishwa nyumbani bila uchunguzi ambao ungeweza kuokoa maisha yake.

Wajibu wa maabara

Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, ipimwe sampuli ya udhibiti ambayo idadi ya seli zake inajulikana. Jibu likitoka nje ya mipaka, majibu ya wagonjwa yasitolewe. Jioni njia zisafishwe kikamilifu kabla ya kuzima mashine. Iunganishwe na UPS, na chumba kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi. Kila hitilafu iandikwe daftarini pamoja na tarehe, ujumbe uliotolewa na hatua iliyochukuliwa, kwa kuwa hitilafu inayojirudia humwonyesha fundi chanzo chake.

Mashine ikikwama, ni afadhali damu isafiri kuliko mgonjwa. Sampuli ya CD4 hutunzwa katika joto la kawaida la chumba, haiwekwi kwenye friji, na hupimwa ndani ya muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa kitendanishi, ambao mara nyingi hauzidi saa 48.

Huduma isisimame

Tangu 2016, Tanzania imefuata mwongozo wa kumwanzishia dawa kila mtu aliyegundulika kuwa na VVU. Kwa hiyo, mtu asicheleweshewe dawa kwa kusubiri namba ya CD4 pekee. Namba hiyo bado ina thamani kubwa kwa anayeanza tiba, kwa aliyeacha dawa akarejea, na kwa ambaye virusi vyake vimepanda. Mtu mzima mwenye seli chini ya 200 katika kila milimita ya ujazo ya damu yumo katika hatari kubwa ya kifua kikuu na ya homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi.

Mtoa huduma asiandike “mashine mbovu” akaishia hapo. Amchunguze mgonjwa kwa makini: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, utando mweupe mdomoni na maumivu makali ya kichwa. Dalili za uti wa mgongo zichunguzwe kabla ya kuanza dawa za VVU. Pale vinapopatikana, vipo pia vipimo vya vijiti visivyohitaji mashine wala umeme, vinavyoonyesha kama seli ziko juu au chini ya 200.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: je, sampuli yangu inaweza kupelekwa kwingine, na majibu yatarudi lini? Azieleze dalili zake zote bila kusubiri kuulizwa, na aendelee kumeza dawa zake kila siku. Kuharibika kwa mashine si sababu ya kuacha dawa.